Aliijua dawa, hakuijua saa: kisa cha msaidizi wa sukari kisiwani Pemba

Karatasi yenyewe ninayo. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la skuli, pembe zake nne bado zina mabaki ya utepe wa gundi, maana ulikuwa umebandikwa ubavuni mwa friji. Juu kumeandikwa kwa kalamu nyekundu: RATIBA YA BIBI. Chini yake mistari mitatu tu. Daku, saa kumi na nusu. Futari, magharibi. Dawa, saa saba usiku.

Mstari wa tatu ndio uliompeleka bibi hospitali.

Naandika kama muuguzi niliyefanya kazi kliniki ya sukari hapa Pemba, na pia kama mmoja wa watu wanne tuliotengeneza msaidizi wa simu anayetumia akili mnemba kujibu maswali ya wagonjwa wa kisukari na watu wa nyumbani kwao. Bibi mwenyewe ameridhia kisa chake kielezwe, ila jina lake na shehia yake visitajwe. Taasisi iliyotupa kazi nayo siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi tuliokaa mezani tukasema kitu kiko tayari.

Bibi ana miaka 68, anaishi upande wa Wete na mjukuu wake wa kiume aliye kidato cha pili. Dawa yake kubwa ilikuwa glibenklamidi, kidonge kimoja kila siku baada ya chai ya asubuhi. Ni dawa ya miaka mingi na bei yake nafuu. Inalisukuma kongosho litoe insulini, na kazi hiyo inaifanya umekula au hukula. Nguvu yake inaweza kukaa mwilini kutwa kucha. Ndiyo maana mgonjwa anayefunga huambiwa kidonge cha asubuhi akihamishie kwenye futari, ili dawa ikutane na chakula na masaa yake makali yapite usiku, wakati mtu anaweza kula. Daktari alimwambia hivyo hivyo, wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Lakini siku ile kliniki ilikuwa imejaa, mabenchi hayatoshi, na kila mtu anataka kuulizia funga yake. Bibi na mjukuu wakatoka na neno moja tu kichwani: usiku.

Nyumbani kijana akamwandikia msaidizi wetu. Ujumbe wake nimeusoma mara nyingi: "Bibi angu anafunga. Daktari kasema dawa ya asubuhi aile usiku. Tupangie saa." Msaidizi akaitikia salamu, akamwombea bibi afya, akatoa ratiba. Daku saa 4:30 alfajiri. Futari saa 6:35 jioni. Dawa ya sukari saa 7:00 usiku.

Msomaji wa Kiswahili ameshaliona. Mashine ilikusudia saa moja usiku, nusu saa hivi baada ya kufuturu. Sehemu kubwa kabisa ya maandishi iliyojifunzia ni ya Kiingereza, na huko siku huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Ikaifikiria saa kwa hesabu ya huko, kisha ikavalisha maneno yetu: "saa", "alfajiri", "usiku". Sentensi ikatoka safi, sarufi haina doa.

Kijana alipoinakili ratiba kwenye daftari, mistari miwili aliisahihisha bila hata kufikiri. Daku saa nne na nusu? Hakuna mtu wa Pemba anayekula daku saa nne na nusu, basi akaandika saa kumi na nusu. Futari saa sita? Akaandika magharibi, yakaisha. Huu mstari wa dawa hakuusahihisha. Nilimuuliza kwa nini, na jibu lake silisahau: "Yale nilikuwa nayajua. La dawa silijui, nikaandika kama alivyosema."

Katika miezi yote tuliyokuwa tukipima majibu ya msaidizi, hakuna aliyenifundisha zaidi ya kijana huyu. Sisi tulikuwa tukisema kwamba makosa madogo ya lugha watu watayatengeneza wenyewe, na kweli wanayatengeneza, mahali wanapokijua kinachosemwa. Mahali wasipojua, yaani pale pale walipokuja kuuliza, kosa linapita moja kwa moja mpaka kwenye friji.

Na bibi naye hakuwa na sababu ya kushtuka. Ramadhani ama si Ramadhani, yeye huamka saa saba, saa nane za usiku kuswali tahajudi. Kwake saa saba usiku ni saa ya ibada, ina utulivu na ina baraka. Kuambiwa anywe dawa saa hiyo kulimwingia akilini vizuri sana. Ingeandikwa saa tisa mchana angesema mashine imekosea, kwani mtu hanywi dawa amefunga. Iliandikwa saa iliyoingia sawasawa katika maisha yake, akaifuata kwa uaminifu.

Siku tatu za mwanzo hakikutokea kitu cha kuonekana. Alifuturu vizuri kwa uji na muhogo wa nazi. Saa saba akainuka, akanywa kidonge, akaswali. Daku akala wali uliobaki. Siku ya nne usingizi ukamchukua baada ya swala. Alipozinduka adhana ya alfajiri ilikuwa karibu, akala tende mbili na maji, akanuia. Kidonge cha saa saba kilikuwa mwilini kinafanya kazi yake, na chakula cha kukipokea hakuna.

Saa 10 na dakika 40 jioni mjukuu alirudi kutoka kwenye mpira akamkuta kibarazani ameegemea nguzo. Kanga ya kichwani imelowa jasho, na kulikuwa na upepo. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka juu ya goti.

"Bibi, vipi?"

"Sijambo, mwanangu. Kisunzi tu. Ndiyo funga."

Kijana alijua kutumia mashine ya kupimia sukari, hilo kliniki ilimfundisha na alilishika. Akamtoboa kidole. Mashine ikaonesha 3.1. Akachukua simu akaandika: "Bibi kisunzi na jasho sukari 3.1 amefunga tufanyeje."

Sukari ikiwa chini ya 3.9, mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unasema mgonjwa afungue saumu hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika chache. Msaidizi alilijua hilo, na limo ndani ya jibu lake. Lakini lisome jibu kama kijana alivyolisoma, kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni. Linaanza: "Pole sana kwa hali ya bibi yako. Natambua kwamba kufunga mwezi mtukufu wa Ramadhani ni ibada yenye umuhimu mkubwa." Linaendelea kueleza kushuka kwa sukari ni nini. Kisha linataja dalili, kisunzi hakimo, kuna "kizunguzungu". Kisha linamtaka ashauriane na daktari na kiongozi wa dini kabla ya kuamua juu ya saumu. Baada ya yote hayo, aya ya sita, ndipo linasema ampe bibi kitu chenye sukari, kwa mfano mililita 150 za juisi ya machungwa.

Nimekaa na jibu lile nikihesabu. Mtu anatetemeka, na kidole cha kijana kinasukuma maneno juu, juu tena, akitafuta la kufanya. Akakwama pale pa kiongozi wa dini. Akasimama akitafuta amuulize nani.

Aliyemwokoa bibi ni jirani aliyekuwa akipita na sahani ya kaimati za futari. Bibi bado alikuwa akisema adhana i karibu, amekaza kutwa nzima, aifungue kwa masaa mawili yaliyobaki? Jirani hakubishana naye. "Mwana we, tia sukari kwenye maji, haraka! Mama, kunywa. Mungu hakukutaka ufe." Bibi akanywa. Baada ya robo saa kipimo kikapanda hadi 4.4, jasho likakauka, akaanza kumuuliza jirani habari za wanawe.

Hapo wengine wangesema yamekwisha. Jirani alisema twende, na alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Sukari iliyoshushwa na glibenklamidi inaweza kushuka tena baada ya masaa kadhaa, kwa kuwa dawa bado imo. Maji ya sukari yanamwinua mtu tu, dawa hayaitoi. Hospitali walimlaza usiku ule, wakampima kila baada ya muda, na ilishuka tena mara moja. Asubuhi daktari akambadilishia dawa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa mtu aliyepita miaka 60, na inaitaja gliklazidi badala yake. Kwa hiyo bibi alikuwa katika hatari kabla hata ya kuandikiana na mashine yetu. Nalisema hili kwa ajili ya haki, silisemi kujitetea. Saa ile mbaya tuliitoa sisi.

Sasa nije kwetu, tulivyofika hapo.

Tulimjenga msaidizi juu ya mmojawapo wa mifumo mikubwa ya lugha ya kigeni, tukampa maelezo ya kliniki kwa Kiswahili, tukamwekea mipaka. Asitaje dozi. Asibadilishe dawa. Asimwambie mtu aache dawa. Mipaka hiyo tuliijaribu kwa kila hila, tukamchokoza, tukamdanganya, akasimama imara. Kuhusu saa hatukumwekea mpaka wowote. Tuliichukulia saa kuwa habari ya kalenda tu, tiba tukaiona iko kwingine. Kwa mtu anayefunga, saa ya dawa ni nusu ya dozi yenyewe. Nilikaa kliniki miaka nikiwaambia wagonjwa hivyo hivyo, na nilipokaa upande wa watengenezaji sikulikumbuka.

Mwongozo tulikuwa nao. Januari 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo zaidi ya 40 kuhusu mifumo hii mikubwa inapotumika katika afya, na miongoni mwa hatari lilizozitaja ni majibu ya uongo, yenye makosa au yenye upungufu kumfikia mtu anayetaka kuamua jambo la afya yake. Tuliusoma pamoja. Lakini ukisoma neno "makosa" unafikiria dawa isiyofaa, au ugonjwa uliotambuliwa vibaya. Tarakimu 7 haikujii. Aprili mwaka huo huo Shirika lilizindua msaidizi wake lenyewe, Sarah, aliyezungumza lugha 8, na Kiswahili hakikuwamo. Sisi tukawa na fahari kwamba wetu anazungumza Kiswahili, ngeli zimekaa na salamu anazijua.

Na majibu yake tuliyapima. Watu watatu tuliketi na kompyuta, tukasoma mazungumzo ya majaribio moja baada ya jingine. Mle mlikuwamo ratiba kumi na kitu zenye saa za namna ile ile, na zote tulizipitisha. Baadaye tulizirudia tukashikwa na aibu, kisha tukaelewa. Sisi tunaishi na saa za kompyuta. Jicho likiona 7:00, kichwa kinasema saa moja, kama unavyotazama simu yako inaandika 7:00 na ukiulizwa unajibu saa moja bila kusita. Tulikuwa tukiisahihisha mashine ndani ya vichwa vyetu pasi na kujua. Mjukuu hakuitazama ile 7:00 kama uso wa saa. Aliisoma kama neno, "saa saba", kwa kuwa mbele yake palikuwa na neno "saa" na nyuma yake neno "usiku", na hivyo ndivyo Kiswahili kinavyosomwa. Mwenye kusoma sawasawa alikuwa yeye.

Marekebisho ya saa yalichukua siku chache tu kuandikwa, na wiki kadhaa kukubaliana. Sasa msaidizi haruhusiwi kuandika saa yoyote kwa utashi wake. Akitaka kutaja wakati, anaweka alama, na programu ndogo ya kawaida, isiyo na akili mnemba hata chembe, ndiyo inayoandika saa kwa hesabu yetu na kuifunga kwenye tukio: "ukishafuturu, saa 1 usiku". Tukio linatangulia, saa inafuata. Tarakimu zenye nukta mbili katikati tumezifuta kabisa. Mtu naye akiandika "saa mbili" bila kusema ya lini, msaidizi hakisii, anauliza ni ya asubuhi au ya usiku. Kuna mwenzetu aliyeona swali hilo litawachosha watu. Tulipokwenda kulijaribu Wete na Konde hakuna aliyechoka, kwani hata sisi kwa sisi tunaulizana hivyo hivyo.

La dharura lilitugusa zaidi, maana pale hapakuwa na kosa la taarifa. Kila kitu kilikuwamo, kimepangwa kwa adabu ya mahali pengine na kwa woga wa mwanasheria. Sasa ujumbe wowote unaoingia hupita kwanza kwenye kichujio chepesi. Kipimo kikiwa chini ya 3.9, au likitajwa neno katika orodha yetu ya dalili pamoja na habari ya sukari, mashine haijibu kabisa. Hutoka ujumbe ulioandikwa na watu, mfupi, usiobadilika. Jambo lenyewe si geni: huduma ya meseji za bure ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza Tanzania Bara mwaka 2012 kwa ajili ya wajawazito, iliendeshwa kwa ujumbe ulioandikwa na kukaguliwa kabla ya kutumwa. Ujumbe wetu ni huu:

"Mpe sukari sasa hivi: vijiko 3 au 4 vya chai ndani ya maji. Asingoje adhana, mgonjwa ana ruhusa. Baada ya dakika 15 mpime tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Kisha ale, na mpelekeni hospitali. Kama hawezi kumeza au hazinduki, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, mpelekeni hospitali sasa hivi."

Sentensi ya pili ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Tuliiandika ndefu, yenye kutaja Suratul Baqara aya ya 184 na ya 185, habari ya kulipa siku na habari ya fidia kwa mwenye maradhi ya kudumu. Tukaipeleka kwa masheikh wa hapa hapa, madaktari wawili wakiwepo. Sheikh mmoja, mtu mzima sana, aliisoma, akaomba kalamu, akakata yote, akabakisha maneno matatu: mgonjwa ana ruhusa. Kulipa na fidia, alisema, tutazungumza naye akishakaa sawa. Nilikuwa nimefika pale nikiwa na hofu ya kubishana, nikaondoka nimefundishwa kuandika.

Orodha ya maneno nayo tuliikusanya upya, kwa kuwasikiliza kina bibi wenyewe kwenye mabenchi ya kliniki badala ya kufungua kamusi. Kisunzi kimo sasa. Limo jasho jembamba, imo kuona kiza, kumo kuishiwa nguvu magotini, yumo mtu "anasema hovyo". Vipimo pia: mashine nyingi hapa zinapima kwa hesabu ya 3.1 au 7.8, lakini zipo za msaada zinazoonesha kiasi hicho hicho kama 56 au 140. Kichujio kinazijua zote mbili, na kikiona namba isiyoingia popote kinauliza.

Lililobaki bila ufumbuzi ni simu. Bibi hana simu, anayo mjukuu, na mazungumzo yote ya maradhi ya bibi yamo mikononi mwa kijana wa kidato cha pili na marafiki zake wanaoazimana simu kucheza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yenyewe inasema kwa upande wa Zanzibar haihusu mambo yasiyo ya Muungano, na afya si ya Muungano. Kwa hiyo tumejifunga wenyewe: mazungumzo tunayafuta baada ya siku 30, na kwenye simu mtu akiandika "futa" yanaondoka. Lakini bibi mwenye maradhi ya siri zaidi ya sukari, ambaye macho yake ni ya mjukuu, bado sijui tumtengenezee nini. Tunajaribu sauti, azungumze mwenyewe na ajibiwe kwa sauti. Sauti nayo inasikika mpaka uwani.

Bibi hajambo. Ramadhani iliyofuata daktari alimshauri asifunge, akafunga siku mbili, akaacha, akatoa fidia. Alipokwenda kliniki aliichukua karatasi ya friji akamwonesha muuguzi wa zamu, akamwambia hivi ndivyo mlivyoniandikia. Muuguzi akaitazama kadi yake, pale palipokuwa pameandikwa 1x1 peke yake miaka yote, akachukua kalamu akaongeza pembeni kwa herufi kubwa: AKISHAKUNYWA CHAI YA ASUBUHI.